Heko kwa Kina Gogo wa Litein

Chai ya Litein, Kaunti ya Kericho nchini Kenya, huchumwa tangu asubuhi na mapema, na mchumaji mwenye mtoto mchanga lazima apate mtu wa kubaki naye. Mara nyingi mtu huyo ni gogo, bibi ambaye pengine anamuuguza pia mume aliyepooza. Nampongeza kama mfanyakazi, kwa sababu anachofanya ni kazi: kubeba, kuogesha, kulisha, kukesha, kukumbuka saa za dawa. Lau angeyafanya hayo kwa mwajiri, Sheria ya Ajira ya 2007 ingempa siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Nyumbani kwake hapati hata moja.

Wapo wasemao kwamba huo ni upendo wa damu, na kuulipa ni kuuharibu. Hoja hiyo siipuuzi, maana gogo mwenyewe huenda asiuite kazi. Lakini upendo hautibu mgongo. Wengine hutaja Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa walengwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Malipo hayo ya wazee hufuata umri, kuanzia miaka 70; hayatofautishi anayelea na asiyelea, na gogo wa miaka 64 hayamfikii. Je, fedha hazipo? Mwaka 2023 serikali iliwaahidi wahudumu wa afya ya jamii posho ya kila mwezi, wengi wao wakiwa wamejitolea kwa miaka, ikakubali hivyo kwamba huduma ya mlangoni ina thamani. Kaunti ya Kericho inaweza kuanza na hili: mhudumu anapomtembelea mgonjwa, ampime gogo presha pia, na apatikane mtu wa kumpokea zamu siku moja kwa wiki.