Mshika Pondo wa Singidani

Ziwa Singidani halina meli wala halihitaji. Kina chake ni kifupi, chombo chake ni mtumbwi, na visiwa vyake ni majabali yaliyojitokeza majini pembeni mwa mji wa Singida, vichwa vyake vimepakwa weupe na mavi ya ndege. Anayetaka kuwakaribia ndege hao kwa siku nzima amtafute mvuvi anayejua kushika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kwa sababu safari yote imo mikononi mwake.

Ziwa hili halina mto wa kulitoa maji. Mvua za Novemba hadi Aprili hulijaza, jua na upepo hulipunguza, chumvi ikabaki. Kwa hiyo njia iliyopitika mwaka jana huenda mwaka huu ni tope tupu, na mvuvi huisoma upya kwa ncha ya pondo.

Nimemtazama mvuvi mmoja kwa muda mrefu, na sichoki. Husimama tezini, miguu imepanuka kidogo. Pondo halitupi; huliachia lizame kwa uzito wake, ubavuni kabisa mwa mtumbwi. Likigusa chini, anangoja kidogo. Kisha mikono inapanda juu yake, mkono baada ya mkono, mwili mzima ukiegemea, na mtumbwi unateleza. Kabla ya kulichomoa analizungusha kidogo ili tope liliachie, kisha analiacha liburuzike nyuma, likawa usukani. Hapo mgeni wa kazi hii hupiga maji kwa kishindo na ndege wote huondoka. Kwa mvuvi huyu husikii kitu.

Kati ya ndege wa ziwa, heroe ndio mtihani wenyewe. Hawana miadi na Singidani. Huja na kuondoka wakifuata chakula katika maziwa ya chumvi, na karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huanguliwa Ziwa Natron. Mlo wao ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao huuchuja kwa mdomo uliogeuzwa juu chini, saa nyingi kila siku. Ukiwashtua, hukatiza mlo, na kuruka kwao si kwepesi: lazima kwanza wakimbie juu ya maji.

Mvuvi huyu hawaendei moja kwa moja. Anapita mshazari, kama mtu mwenye shughuli kwingine, akitazama shingo. Shingo mbili tatu zikiinuka, pondo linasimama. Zikiinama tena, anasogea. Kundi zima likianza kutembea upande mmoja, yeye amekwisha kugeuza omo. Tena haweki mtumbwi upande unakotoka upepo, maana ndege huruka wakiuelekea, na huko ndiko mlango wao. Kujinyima hatua ishirini za mwisho, wakati abiria anakuhimiza, ndiyo sehemu ya ufundi ninayoiheshimu kuliko zote.

Mchana upepo wa Singida ukishika, mawimbi huwa mafupi na makali. Hapo anajibanza nyuma ya jabali na kusubiri, mnandi wakianika mabawa juu ya vichwa vyetu, mwari mmoja akielea karibu.

Kijana anayemfundisha bado hajaruhusiwa kubeba abiria. Kila asubuhi anatumwa mpaka jabali la mnandi na kurudi. Mnandi wakiruka, anarudia. Kusukuma amekwisha kujua; kinachomshinda bado ni kungoja, na mwalimu wake hana haraka naye.