"Obiti ya Chini ya Dunia": Istilahi Inayopotosha

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la nchi hiyo lilieleza kuwa ni kipande cha roketi.

Mfasiri aandikaye juu ya mambo haya "vifusi katika obiti ya chini ya Dunia" amefuata Kiingereza neno kwa neno. Chini ya Dunia ni wapi, kama si kuzimu? Kinachotajwa kiko juu yetu, kilomita zisizozidi 2,000. Twapendekeza "obiti ya karibu na Dunia".

"Kifusi" nacho hakifai. Mwanafunzi wa Mpanda, kwenye wachimbaji wa dhahabu, ataona lundo la udongo lililotulia; kumbe kila kipande hukimbia peke yake, kilomita 7 hivi kwa sekunde au zaidi, na kilicho kikubwa vya kutosha rada hukifuatilia peke yake. "Mabaki ya roketi" yatosha, na ofisa wa Katavi atakayewaonya wanakijiji wasiguse chuma cha namna hiyo ataeleweka mara moja.