Protini Zinazoizuia Ribosomu Isianze Kazi Mapema

Mwaka 1968 Masayasu Nomura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichukua kile kidogo kati ya vipande viwili vya ribosomu ya bakteria, wakatenganisha RNA na protini zake, kisha wakavirudisha pamoja kwenye neli ya majaribio na kuvipasha joto. Kipande kikajiunda upya, tena kikafanya kazi. Hakikuhitaji msaidizi. Ikaonekana kwamba ribosomu, yaani mtambo wa seli wa kutengeneza protini, hujijenga yenyewe mradi viungo vyake vyote vipo.

Hamira ikavuruga hesabu hiyo. Ribosomu yake ina RNA nne na protini 79, lakini ili kuijenga, seli hutumia zaidi ya protini saidizi 200, na hakuna hata moja kati yake inayobaki kwenye ribosomu iliyokamilika. Kazi huanzia ndani ya kiini cha seli na kumalizikia nje yake, kwenye saitoplazimu. Seli ya hamira inayokua kwa kasi hutoa ribosomu takribani 2,000 kila dakika. Sasa, kama Nomura alifanikiwa bila msaidizi, hizi 200 ni za nini?

Kulijibu swali hilo kulihitaji kwanza kuzinasa ribosomu zilizo katikati ya ujenzi, nazo ni chache, na hazikai hivyo kwa muda mrefu. Njia iliyofungua mlango ilitoka Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1999, katika maabara ya Bertrand Séraphin. Mtafiti huchagua protini moja na kuibadilisha jeni yake ili protini hiyo izaliwe na alama mbili mkiani. Seli zikishapasuliwa, mchanganyiko wake hupitishwa kwenye chembe zinazoshika alama ya kwanza, halafu zile zinazoshika ya pili. Mwishoni inabaki protini iliyowekwa alama pamoja na vyote vilivyoishikilia.

Ujanja wote uko katika kuichagua hiyo protini. Kila msaidizi hukaa kwenye ribosomu kwa kipindi fulani tu cha ujenzi. Ukiweka alama kwenye msaidizi aitwaye Nog2, utapata vipande vikubwa ambavyo havijatoka ndani ya kiini. Ukiweka kwenye protini ya hatua za mwisho, utapata vilivyokwisha kutoka. Kinachopatikana hugandishwa ghafla katika ethani ya kimiminika, darubini ya elektroni hupiga picha za chembe maelfu kwa maelfu zilizolala kila upande, na kompyuta huzigawa katika makundi kulingana na umbo. Upigaji picha huu ndio uliowapa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017.

Picha zilileta mambo ambayo hakuna aliyeyabashiri. Mwaka 2014 makundi ya Roland Beckmann, Munich, na Ed Hurt, Heidelberg, yalionyesha kwamba katika kipande kikubwa ambacho hakijakomaa, RNA ndogo iitwayo 5S pamoja na protini zake imekaa kinyume kabisa. Lazima igeuke takribani digrii 180 ndipo ifike mahali pake. Nomura asingeweza kuliona hilo, kwa kuwa yeye aliona mwanzo na mwisho tu.

Jambo zito zaidi lilihusu mahali wasaidizi wanapokaa. Mwaka 2011 kundi la Katrin Karbstein lilichunguza vipande vidogo vya hamira vilivyokaribia kukamilika, vikiwa bado vimeshikiliwa na protini saidizi saba. Picha zao hazikuwa kali, lakini zilitosha. Protini hizo zilikuwa zimekalia sehemu zilezile ambazo RNA ya ujumbe na vianzishi vya usanisi wa protini vingepaswa kushika. Jukwaa la fundi mwashi husaidia kujenga ukuta, haliuzibi mlango. Protini hizi zilikuwa zimeziba mlango, ribosomu isianze kazi mapema.

Mwaka 2016 maabara ya Nenad Ban, Zurich, Uswisi, ilitoa muundo wenye ukali wa nanomita 0.34 ulioonyesha mkia wa protini Rei1 umezama kwenye mfereji ambao protini mpya hupitia ili kutoka katika ribosomu. Mkia huo unagusa kuta za mfereji karibu kwa urefu wake wote. Uliposhindwa kuingia, hatua zilizofuata za ukomavu hazikufanyika. Hapo umbo la protini lenyewe limeeleza kazi yake: Rei1 inapima kama mfereji uko wazi.

Kipimo cha mwisho kinawahusu madaktari pia. Kipande kikubwa hutoka kwenye kiini kikiwa na protini eIF6 iliyokaa pale pale kinapopaswa kuungana na kipande kidogo. Kazi ya kuiondoa ni ya protini SBDS na EFL1, na mwaka 2015 kundi la Alan Warren, Cambridge, lilionyesha kwa picha jinsi hizo mbili zinavyoshirikiana. SBDS hukaa kwanza katikati ya mtambo, mahali RNA ya uhamisho itakapokaa baadaye. EFL1 ikishafika, eIF6 huachia.

Watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye jeni ya SBDS, iliyotambuliwa mwaka 2003, hupata ugonjwa wa Shwachman-Diamond: uboho hushindwa kutengeneza seli za damu za kutosha, na kongosho hukosa vimeng'enya vya kusaga chakula. Mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba baadhi ya seli za damu za wagonjwa hao zilikuwa zimepata mabadiliko mapya kwenye jeni ya eIF6, yanayoifanya protini hiyo iharibike upesi au ishindwe kushika ribosomu. Seli hizo zikapata tena ribosomu zinazoungana, na zikaongezeka kuliko jirani zake ambazo eIF6 yake ilikuwa nzima.