Juu ya Kuandika Maneno ya Wagonjwa

Katika kazi zote za kalamu apewazo mtu aliyesoma, hapana yenye hatari kuliko kuandika maneno ya mgonjwa katika daftari la hospitali. Mwenye kuandika barua akikosa neno, huandika barua nyingine. Bali neno lililokosewa daftarini husomwa na mtu wa pili ambaye hakumsikia mgonjwa, naye hutenda kwa kadiri ya alivyosoma. Twapenda basi kuyapima maneno machache yanayoandikwa kila siku bila kuulizwa. Shauri letu ni moja: neno la mgonjwa mwenyewe liandikwe kwanza, kama lilivyotoka kinywani mwake, ndipo lifuatwe na maana yake, wala moja lisifutwe kwa ajili ya jingine.

Tuanze na *kuhara*. Wenye sarufi wasema, na kwa asili ya neno wasema kweli, ya kuwa mgonjwa huhara, na dawa humharisha. Lakini leo watu wengi husema, "Mtoto anaharisha," na maana yao ni kwamba mtoto mwenyewe aumwa tumbo. Hapo mwalimu hulisahihisha neno, akapita. Heri angesimama kidogo. Kwani yakiandikwa maneno "apewe dawa ya kuharisha," msomaji mmoja ataona dawa ya kulifunga tumbo, na mwingine ataona dawa ya kulifungua. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini akipewa hii ya pili, yaweza kumwua. Wala sarufi peke yake haiondoi hatari hiyo, maana hata "dawa ya kuhara" ina pande mbili: ya kumfanya mtu ahare, au ya kumtibu aharaye. Lililo sawa ni kuitaja kazi ya dawa waziwazi: "dawa ya kuzuia kuhara," au "maji ya chumvi na sukari, ya kurudisha maji yaliyopotea."

La pili ni *mshipa*. Neno hili moja huchukua njia za damu, nyuzi za fahamu, na hata kano. Nayo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya ile ya Madan ya mwaka 1903, yakiri upana huo. Tena pwani mtu akisema kwa haya, "Nina mshipa," mara nyingi ataja busha au ngiri. Mwandishi asiyejua huandika "ugonjwa wa mishipa ya damu," na daktari humpima kifuani mtu ambaye maradhi yake yako chini ya kiuno. Vivyo hivyo *chembe cha moyo* si moyo, bali ni pale penye shimo chini ya kidari. Aumwaye hapo huenda ana vidonda vya tumbo. Walakini maumivu ya moyo wenyewe nayo huweza kusikika papo hapo. Kwa hiyo neno lisikatwe likabaki "moyo," wala lisigeuzwe kuwa "tumbo." Liandikwe zima, daktari aamue.

Maneno mengine huwapoteza hasa wenye elimu. *Safura* latoka katika Kiarabu, na huko lahusu rangi ya manjano na nyongo. Basi ajuaye Kiarabu huvutwa kuandika kwamba mgonjwa ana manjano. Lakini Mswahili asemaye safura ataja mwili kuvimba na kupauka kwa kupungukiwa na damu, mara nyingi kwa sababu ya minyoo ipenyayo ngozi ya miguu. Kujua asili ya neno ni jambo jema, lakini maana yake hutafutwa kwa walitumiao.

*Degedege* nalo lina itikadi ndani yake. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kutangazwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu waliliogopa kama ugonjwa wa kufisha, wakalihusisha na pepo wabaya. Mwandishi atiaye daftarini neno "malaria kali" peke yake afuta habari ya mambo aliyoyaamini mama, na pengine sababu ya mtoto kuchelewa kuletwa. Naye aandikaye "degedege" peke yake aficha homa. Yafaa kuandika hivi: "Mama asema degedege; mwili ulikakamaa na kutetemeka mara mbili; homa tangu juzi."

Imebaki habari ya wakati, na hapa makosa ni mengi kuliko pengine pote. Mgonjwa asemaye ya kuwa maumivu yalianza saa mbili asubuhi ataja ile ambayo Mzungu huiita saa nane. Mwandishi wa daftari la Kiingereza asipogeuza hesabu, amekosa saa sita nzima. Akiambiwa anywe dawa "kila saa sita," aweza kunywa adhuhuri na katikati ya usiku tu, maana hizo ndizo saa sita zake, yapasa kusema "kila baada ya muda wa saa sita." Maneno "kutwa mara tatu," yaliyozoeleka kwenye vifuko vya dawa, yana kasoro kama hiyo. *Kutwa* kwa asili ni mchana mpaka jua kuchwa, basi mtu mtiifu huweza kunywa mara tatu mchana, usiku wote ukapita bila dawa. Na "usiku wa Jumamosi" kwa hesabu ya zamani, ambayo siku huanza jua likichwa, ni ule uliotangulia mchana wa Jumamosi. Kwa hesabu ya shule ni ule uufuatao. Aandikaye "usiku wa kuamkia Jumamosi" hawezi kueleweka vibaya.

Wako watakaosema ya kuwa wagonjwa ni wengi, na nafasi ya kuuliza ni haba. Twajua. Lakini maswali yatakiwayo hayazidi matatu: Ni wapi? Ni tangu lini? Na kwenu neno hilo maana yake nini? Hayo huchukua muda mdogo kuliko kuitafuta dawa ya pili baada ya ile ya kwanza kudhuru. Waalimu walio visiwani, Mrima na bara wanasikia maneno mengine ya namna hii ambayo hatukuyataja. Twawaomba wayakusanye pamoja na maana zake za mahali, wawape wale wenye kushika daftari.