Mboloko wa Pili

Pembezoni mwa mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, kwenye vibanda vya watu waliokimbia vita, yuko mzee wa Kimbuti anayesokota kamba kutwa. Huketi juu ya gogo, akapandisha nguo hadi juu ya goti, akalaza nyuzi za mmea wa kusa kwenye paja tupu, kisha kiganja kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Nyuzi mbili zinakuwa moja, na kabla hiyo moja haijaisha huungiwa nyingine bila fundo. Wapita njia hudhani ni kamba za kufungia mbuzi. Ni wavu wa kuwindia, na mzee hana mahali pa kuutega. Msitu wake uko upande wa Mbau na Oicha, na tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuliandama eneo la Beni, wengi walioingia humo kutafuta chakula hawakurudi. Hata hivyo anasuka, jicho kwa jicho, kila jicho likipimwa kwa vidole vyake mwenyewe.

Nimeketi naye mara nyingi, na ninajua kwamba nusu ya ufundi wake haionekani katika wavu huo. Kwetu sifa za mwindaji huimbwa kwa kuhesabu alichoua. Mimi nataka kumsifu kwa ajili ya mboloko wa pili, yule paa mdogo wa msituni aliyekuwa karibu, aliyewezekana kabisa, na akaachwa aende zake.

Nililiona jambo hilo kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto, kando ya barabara inayotoka Mangina kupitia Biakato kwenda Mambasa. Sisi Wanande wa Butembo ni watu wa milimani. Msitu tumeujua kwa kuuteremkia. Mjomba wangu aliteremka kutafuta ardhi, akafyeka shamba la mpunga na muhogo, akapata rafiki wa Kimbuti aliyemwita ndugu yangu mbele ya watu wote, jambo ambalo Wanande wengi hawakuliweza. Rafiki huyo alileta nyama na asali, akaondoka na muhogo, chumvi na ndizi. Likizo moja nilipelekwa kwa mjomba, na alfajiri moja nikaruhusiwa kuwafuata wawili hao porini kwa sharti la kufunga mdomo.

Siku hiyo hawakubeba nyavu. Ilikuwa siku ya kuita. Aliyezaliwa ukingoni mwa msitu anajua kuita ni nini, lakini kuwapo mtu anapoita ni jambo jingine. Yule bwana alichuchumaa nyuma ya mzizi uliosimama kama ukuta, akabana pua kwa vidole viwili, akatoa sauti nyembamba ya puani, sauti ya mtoto wa mboloko aliyeshikwa. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani amesinzia. Akaita tena, chini zaidi, kama mtoto anayeishiwa na nguvu. Nikaona majani yakitikisika mahali ambapo hapakuwa na upepo. Dume akatokea, mdogo, wa kijivu, shingo ameinua, akipiga hatua moja na kusimama, moja na kusimama. Mshale ulimpata chini ya bega. Hakwenda mbali.

Hapo ndipo mjomba alipoanza kupumua na mimi nikadhani kazi imekwisha. Yule bwana alinyosha kiganja kututuliza. Jike alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya mahali alipoangukia mwenzake, ametulia, akinusa. Mboloko haishi peke yake. Dume na jike hushika kipande chao kidogo cha msitu na kukaa humo pamoja, basi ukimpata mmoja, mwenzake hayuko mbali. Mboloko wa pili si bahati nasibu. Karibu kila mara yupo, na kila mwindaji anajua yupo, na hapo ndipo anapopimwa. Mshale wa pili ulikuwa tayari mkononi. Mjomba alimgusa bega, akimhimiza. Yule bwana akamtazama jike kwa muda, akainama kidogo kumwona tumbo na matiti, kisha akaushusha upinde na kukohoa kwa makusudi. Jike akatoweka.

Njiani mjomba alinuna. Nyama ile ya pili, alisema, ingeweza kufika Mangina kabla ya jua kuzama. Rafiki yake hakumhubiria. Alimuuliza tu, "Ndugu yangu, kambini tuko wangapi leo?" Mjomba akataja idadi. "Na nyama ya jana imekwisha?" Haikuwa imekwisha. "Basi yule nani angemla?" Akaongeza kwamba jike lilikuwa linanyonyesha, na kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa mahali fulani chini ya majani akingoja. Baada ya hapo wakazungumza habari za mvua.

Ningekuwa nimeona hilo tu, leo ningeandika kwamba wahenga walikuwa na sheria ya kuua mnyama mmoja kwa siku, na ningekuwa nimesema uongo. Siku chache baadaye wageni walifika kambini kwa ajili ya msiba, watu wengi, na bwana yuleyule akatoka na wenzake wote kwa nyavu. Waliwasha moto chini ya mti njiani, kama inavyotakiwa kabla ya uwindaji. Waume wakaunganisha nyavu zao zikawa nusu duara kubwa, wake na watoto wakazunguka upande wa pili wakipiga majani na kupaza sauti, na mbwa wakakimbia na njuga zao za mti shingoni. Siku hiyo waliua mboloko kadhaa na funo mwekundu mzito aliyebebwa kwa kupokezana. Hakuna aliyesema yatosha, kwa sababu hayakuwa yametosha. Mboloko mzima ana kilo 4 au 5. Mgawe kwa mwenye wavu, kwa aliyemkamata, kwa aliyeazimisha wavu wake, kwa wazee na kwa waliofiwa, uone kinachobaki.

Wale wanaokuja na magari meupe kutufundisha kwamba mnyama mmoja anatosha hawajawahi kumgawa mboloko mbele ya watu wenye njaa. Hesabu ya mwindaji wa kweli haikuanzia kwa wanyama. Ilianzia kwa watu. Nani yuko, nani mgonjwa, nani ana mimba, nani anakuja kesho, nyama ya jana iko wapi. Kisha ikaja hesabu ya mahali: upande huu tumeutega lini, je, umepumzika? Kisha majira, maana asali ikiiva kambi hugawanyika vikundi vidogo na nyavu nyingi hupumzika. Kisha mnyama mwenyewe, dume au jike, ana maziwa au hana. Jike la mboloko hubeba mimba miezi kama 7 na huzaa mtoto mmoja tu. Ukiua dume na jike asubuhi moja, kile kipande chao kinabaki kitupu hadi wengine wahamie. Yote hayo mtu aliyapima ndani ya pumzi chache, upinde ukiwa umevutwa, bila kuandika popote. Sijaona fundi wa saa wala seremala anayeamua mambo mengi kiasi hicho kwa haraka hiyo.

Ufundi huo uliharibika polepole, na sisi wa mlimani tulikuwa na mkono wetu. Wafanyabiashara wa nyama waliingia hadi ndani ya kambi za Ituri wakiwa na unga wa muhogo na mchele, wakibadilisha papo hapo. Mtafiti wa Marekani John Hart, aliyeishi na wawindaji wa nyavu, alichapisha mwaka 1978 makala kuhusu safari hiyo ya kutoka kuwinda kwa ajili ya kula hadi kuwinda kwa ajili ya soko. Mfanyabiashara akiketi kambini na gunia lake, lile swali la kambini tuko wangapi linapoteza jibu. Kambini tuko kumi, lakini Beni ni mji mzima, Butembo ni mji mkubwa zaidi, na wote wanakula. Mboloko wa pili anapata mnunuzi, na wa tatu, na wa kumi, hata kabla hawajaonekana.

Lakini wavu, hata ukiwindia soko, bado una watu nyuma yake. Mnyama anaingia wavuni akiwa hai na mtu anamfikia kwa miguu yake, anamwona uso, anaweza kumwachia. Waya hauna mtu. Ni zile waya za breki za baiskeli na pikipiki, tunaziuza sisi wenyewe katika maduka yetu ya Butembo, zinateremka na mizigo hadi msituni na kugeuzwa matanzi. Mtu mmoja anatega matanzi mengi kwa siku, anarudi nyumbani, anakuja kukagua akipata nafasi. Dume, jike, mwenye mimba, mtoto, wote hunaswa sawasawa. Wengine huoza hapo hapo kwa sababu mvua ilinyesha, au risasi zilisikika, au mwenye mitego alikuwa na kazi nyingine. Uamuzi wa mboloko wa pili haufanywi vibaya, haufanywi kabisa. Ulikwisha fanywa siku ile waya uliponunuliwa, na aliyeununua hakuwa akifikiria mnyama yeyote.

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Tamaa ilikuwapo zamani pia, mjomba wangu alikuwa nayo begani mwa rafiki yake. Ila tamaa ilikuwa lazima isimame mbele ya jike linalonusa, na mtu wa kuikatalia alikuwa hapo hapo ameshika upinde. Sasa hayupo.

Serikali haikukaa kimya. Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na humo kuwinda ni marufuku. Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992 kule Epulu, iliwaachia Wambuti nafasi ya kuwinda kwa njia zao kwa chakula chao, na naiona kuwa busara kubwa. Sheria ya uwindaji ya Mei 1982 inataka mwindaji awe na kibali. Karatasi hizo ni nzuri, lakini karatasi haichuchumai nyuma ya mzizi. Aliyeijaza nafasi hiyo alikuwa mzee, na mzee tumempoteza kwa njia nyingi kwa wakati mmoja.

Kwanza vita. Kambi zilitawanyika, waliokuwa wakihamahama kwa majira wakawekwa mahali pamoja kando ya barabara, na vijana wao leo wanabeba mbao na mizigo ya watu. Kisha Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizwa Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200 katika eneo letu na jirani. Tuliambiwa tusiguse nyama ya pori, na tahadhari hiyo ilikuwa ya haki. Lakini nyama haikukoma. Ilijificha tu, ikasafiri usiku, na kitu kinachouzwa kwa kificho hakiulizwi kimetoka wapi. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na hata huo haukuwarudisha wazee msituni.

Vijana wanaozaliwa vibandani wanamwona babu yao akisokota kamba na kumcheka. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Babu, waya ni rahisi zaidi." Mzee hakukasirika. Alimwekea nyuzi pajani, akamshika kiganja, akamwonyesha jinsi ya kusukuma. Kijana alisokota kidogo, akachoka, akaondoka. Anaweza kujifunza kusuka akitaka, mikono yake si mibovu. Lakini ile nusu nyingine, ya kuushusha upinde na kukohoa, haifundishiki kwenye gogo pembeni ya mji. Hufundishwa mnyama akiwa mbele, na mtu mzima akiwa bega kwa bega na mtoto. Mimi niliiona kwa sababu mtu alikubali kunichukua. Sijui kijana yeyote wa rika la wanangu aliyeiona.

Nasikia watu wakisema vita vikiisha msitu utajiponya. Wanyama huenda hata sasa wanarudi, maana penye risasi hata mtega waya huogopa kuingia. Lakini amani ikirudi barabara itajaa pikipiki ndani ya wiki, na wa kwanza kuingia watakuwa wenye waya, kwa sababu, nje ya wazee, ndio peke yao waliobaki na ujuzi wa aina yoyote. Ndiyo maana nasema haya sasa, wazee wakiwa bado vibandani na akili zao timamu.

Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben kiko hapa Butembo, kina wanafunzi wa kilimo na wa jamii wanaotafuta mada za kuandika. Waende Beni na Oicha wakaketi na wazee hawa, na wasiulize tu majina ya wanyama na bei ya kilo. Waulize jinsi walivyoamua kuacha, siku gani, kwa sababu gani, nani alipinga. Redio zetu ziwape wazee saa moja kwa wiki waseme wenyewe, kwa Kiswahili chao, bila kukatizwa na matangazo. Wazazi walio na shamba ukingoni mwa msitu, amani ikiruhusu, wamwombe mzee mmoja awachukue watoto wao.

Na wewe unayetaka nyama ya pori kwa ajili ya harusi yako Butembo, muulize anayekuuzia: huyu alikamatwa kwa wavu au kwa waya? Akisema waya, au akikosa jibu, mwachie nyama yake.