Bakteria Hai kwa Ng'ombe Mwenye Mimba: Chakula Kitangulie, Kopo Lifuate

Probayotiki, yaani bakteria au hamira hai ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo, huuzwa kwa ahadi kubwa: ng'ombe mwenye mimba atatumia malisho vizuri zaidi, na ndama atazaliwa na nguvu wala hatahara. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, ila si kwa kila ng'ombe. Bakteria wa kununua husaidia pale penye kazi maalumu wanayoiweza na chakula cha kuwawezesha kuifanya. Kwa ng'ombe wa zebu wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanaoishi kwa nyasi, shilingi ya kwanza iende kwenye chakula cha mama.

Mfano ulio wazi wa kupandikiza bakteria kwa ng'ombe wa nyama ni wa Queensland, Australia. Wafugaji wa huko walipanda lukina, mti ambao hata Tanzania tunaupanda kwa malisho, kwa sababu majani yake yana protini nyingi. Ng'ombe waliokula kwa wingi walinyonyoka manyoya, wakavimba tezi la shingo na kukonda. Chanzo kilikuwa mimosini, sumu ya asili ya lukina, ambayo ikifika tumboni hugeuka kemikali nyingine inayovuruga tezi hilo. Mtafiti Raymond Jones wa shirika la utafiti la CSIRO aliona kwamba mbuzi wa Hawaii walikula lukina bila kudhurika, na mwaka 1981 akachapisha hoja kuwa huenda siri iko kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza. Bakteria kutoka rumeni za mbuzi wa Hawaii walipelekwa Australia, na mwaka 1986 Jones na mwenzake Megarrity wakaripoti kwamba mifugo iliyopandikizwa imeishinda sumu. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones.

Mambo matatu yalileta mafanikio hayo. Tatizo lilikuwa moja na lilijulikana kwa jina. Bakteria alikula kemikali ileile iliyomdhuru ng'ombe, hivyo maadamu lukina iliendelea kuliwa, naye hakukosa riziki. Tena alienea kutoka mnyama mmoja hadi mwingine malishoni, kwa hiyo kuwanywesha ng'ombe wachache kulitosha kundi zima.

Probayotiki nyingi za dukani haziko hivyo. Hamira ya Saccharomyces cerevisiae, inayotumika sana duniani, haifanyi makazi ya kudumu ndani ya rumeni, ndiyo maana hutolewa kila siku. Inapopita hutumia mabaki ya oksijeni, na hilo huwafaa bakteria wanaomeng'enya nyuzinyuzi, kwani oksijeni huwadhuru. Husaidia pia asidi ya laktiki isirundikane. Faida hii huonekana zaidi kwa ng'ombe wa maziwa au wa kunenepeshwa anayelishwa nafaka nyingi hadi rumeni kuchachuka. Zebu wa Mugumu, Serengeti, hana nafaka ya kumchachusha tumbo.

Shida yake ni kiangazi. Ng'ombe aliyepandwa Desemba huzaa Septemba, maana yake miezi mitatu ya mwisho ya mimba huangukia Juni hadi Septemba, nyasi zikiwa zimekauka. Ndicho kipindi ambacho ndama tumboni huongeza sehemu kubwa ya uzito wake wa kuzaliwa. Protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia 7, bakteria wa rumeni hukosa naitrojeni ya kuzaliana, umeng'enyaji hupungua kasi, na ng'ombe hula kidogo ingawa nyasi kavu zipo. Rumeni tayari ina mabilioni ya bakteria katika kila mililita. Kuongeza wengine juu ya hao wenye njaa ni sawa na kupeleka vibarua shambani bila majembe. Mashudu ya pamba au alizeti, kama kilo moja kwa siku, pamoja na jiwe la madini na maji ya kutosha, huwainua bakteria ambao ng'ombe anao tayari. Kwenye nyanda za juu za Tarime, ambako ardhi ni finyu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa yakichanganywa na majani ya lukina hufanya kazi hiyohiyo, mradi lukina isizidi asilimia 30 ya chakula chote.

Baada ya kuzaa, uzito wa jambo unahamia kwa ndama. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa bila kinga ya mama. Kinga hiyo imo kwenye dang'a, maziwa ya kwanza, na utumbo wa ndama hufunga mlango wa kuipokea baada ya saa 24 hivi. Ndama wa kilo 20 anahitaji lita mbili ndani ya saa sita za mwanzo. Ng'ombe wetu wa nyama hukamuliwa pia kwa matumizi ya nyumbani, basi siku hiyo ndama atangulie. Mama anapomlamba na kumnyonyesha humpa pia bakteria wake wa kwanza, kupitia mate, chuchu na mazingira ya zizi.

Mwaka 2011 watafiti wa Argentina walichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio mengi ya bakteria wa laktiki kwa ndama. Ongezeko la uzito lilionekana kwa ndama waliolishwa maziwa ya unga, lakini si kwa walionyweshwa maziwa halisi. Ndama wa Mara hunyonya. Probayotiki inaweza kumfaa yatima anayenyweshwa kwa chupa, au ndama anayeinuka baada ya kuhara na dozi ya antibayotiki. Haizuii ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Hiyo inataka kuogesha na chanjo.

Anayetaka kununua asome kwanza lebo: jina la bakteria, idadi ya walio hai kwa gramu, tarehe ya mwisho na joto la kuhifadhia. Bakteria wa laktiki hufa upesi kwenye joto; mbegu za Bacillus huvumilia zaidi. Kisha kikundi cha wafugaji kigawe ng'ombe wenye mimba kwa kura katika makundi mawili, wale chakula kimoja, na kundi moja tu lipewe probayotiki. Ndama wapimwe uzito wanapozaliwa na wakifika miezi mitatu, na kila anayehara aandikwe. Afisa mifugo wa kata anaweza kusimamia kwa daftari na utepe wa kupimia kifua.

Mfugaji wa Tarime na Serengeti, anza na mashudu, madini, maji na dang'a. Muuzaji wa probayotiki naye akuonyeshe majaribio yaliyofanywa kwa zebu wanaokula nyasi na ndama wanaonyonya. Asipokuwa nayo, fedha yako inunue chakula.