Fimbo ya Ufagio

Maji yakipwa alfajiri pale Coco Beach, mchanga hubaki mgumu na safi kama sakafu iliyopigwa deki, na hapo ndipo Mwalimu huanza kazi. Hana filimbi wala saa mkononi. Vijana wanne wanampita wakikimbia, naye hawaangalii hata usoni. Anangoja wafike mbali, kisha anainamia nyayo walizoziacha na kuzisoma moja baada ya nyingine, kama mzee anayesoma barua ya mtoto aliyeko safarini.

"Huyu goti la kushoto linamsumbua," aliniambia asubuhi ya kwanza nilipokwenda kumwamkia. Mimi sikuona kitu. Akanionyesha kwa kidole: unyayo wa kulia umezama sawasawa, wa kushoto umechimba ukingo wa ndani tu, na kidole gumba kimeburuta mchanga. Mguu ukilalia ndani, akasema, muundi huufuata, goti nalo huvutwa upande, na goti maskini liliumbwa likunje na kukunjua kama bawaba. Kijana aliporudi akaulizwa. Akakiri kuwa ni wiki ya tatu sasa, hasa akishuka ngazi. Mwalimu hakuligusa goti lenyewe. Alimsimamisha kwa mguu ule wa kushoto peke yake, akaitazama nyonga ya kulia ikishuka taratibu, akatikisa kichwa, akampa zoezi la kuimarisha msuli wa ubavuni mwa nyonga ya kushoto.

Goti ndilo lililolia, lakini aliyezembea alikuwa nyonga. Nimewaona mafundi wengi katika maisha yangu, wa mbao, wa saa, wa majahazi, na bado sijui ufundi unaonigusa kama huu wa kuufuata uchungu hadi mlangoni kwake.

Mwalimu alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kustaafu. Sisi wa rika langu tulilelewa na mchakamchaka: vumbi, nyimbo, wengi pekupeku, jua halijachomoza. Watu hukumbuka nyimbo. Yeye hukumbuka miguu. Anasema ukikimbia ubavuni mwa mstari wa watoto mia ukazisikiliza hatua zao, utamjua mwenye kuchechemea kabla hujamwona. Darasani kwake alikuwa ametundika karatasi ya manila yenye mchoro wa mifupa alioupaka mwenyewe kwa wino, na kabla ya mchezo wowote kila mtoto alitakiwa kujipapasa mwilini na kutaja: mtulinga, mbavu, nyonga, muundi, kifundo, kifandugu. Watoto walicheka kwenye kifandugu, kila mwaka, naye akawaacha wacheke. Aliwaambia kuwa mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na 52 kati yake, yaani robo nzima, imo katika nyayo mbili tu. Aliyejaaliwa vifaa vingi hivyo chini ya mguu, akasema, asikanyage ovyo.

Mimi nilimfuata kwa sababu ya mgongo. Nilikuwa nimejiandikisha jimu moja mjini, na kijana aliyenisimamia alijua kuhesabu na kuongeza. Kila nilipofika kumi alichomeka sahani nyingine ya chuma, macho yake yakiwa kwenye simu. Siku ya tisa niliinua chuma kutoka sakafuni na kiuno kikakataa kunyooka. Nikalala chali siku nne.

Mwalimu alinisikiliza, akaenda kuchomoa fimbo ya ufagio, akaniwekea mgongoni wima. Ikagusa mahali patatu: kisogo, katikati ya mabega, na kifandugu. "Sasa iname, na isikuache popote." Nikainama. Ikaniacha kisogoni mara moja, na kifandugu kikajificha ndani. Akanisukuma makalio nyuma kwa kiganja, kidogo tu, kana kwamba ninafunga mlango wa gari nikiwa nimebeba mizigo mikono miwili. Magoti yakalegea yenyewe, kifua kikashuka, fimbo ikatulia mahali pote patatu. Nilihisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi jimu: nyuma ya mapaja pamekaza kama kamba ya tanga. Kumbe siku zote zile mzigo ulikuwa ukining'inia kwenye pingili za kiuno, na misuli mikubwa kuliko yote mwilini imelala.

Nikamwambia nimeona watu wakiinama hivyo. Bibi yangu alipalilia mpunga hivyo, mgongo umenyooka kama meza, kutwa nzima. Akatabasamu, akasema kubeba nako kuna ufundi wake, akanisimulia habari aliyoihifadhi miaka mingi: mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa kamba ya kwenye paji la uso. Walipobebeshwa mzigo wa hadi sehemu ya tano ya uzito wao, miili yao haikutumia nguvu ya ziada hata kidogo ikilinganishwa na kutembea mikono mitupu. Miaka tisa baadaye ilielezwa sababu: mwendo wao huyumba kama timazi, kila hatua ikiikopesha ijayo. Wanawake wale, nadhani, walifundishwa na mama zao, kwa kurekebishwa shingo wakiwa wadogo njiani kisimani.

Tunamwimba John Stephen Akhwari aliyeanguka kwenye marathoni ya Mexico mwaka 1968, goti likaumia, na bado akaifikia tamati akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Anastahili kila sifa. Lakini tumeupenda uvumilivu hata tukausahau ujuzi, na siku hizi kijana akiumwa kisigino anaambiwa akaze. Hakuna anayemwambia kwamba msuli huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ila kano ya kisigino, kwa kuwa damu inayoifikia ni haba, hukawia miezi. Anaongeza kilomita kwa kipimo cha msuli, kano inachanika. Saa yake ya mkononi imemhesabia kila hatua. Nani ameitazama hata moja?

Neno muundi, ukilitaja leo jimu, wanakutazama. Karatasi ya manila ililiwa na mchwa.

Mwezi uliopita nilimkuta amekaa juu ya jiwe, maji yameshaanza kujaa. Mtoto wa jicho ameingia macho yote mawili, na vijana waliobaki ni wawili. Walipopita akanishika mkono. "Nisomee, mwanangu. Wa mbele amekanyagaje?"

Nikainama. Nikamwambia kisigino kimezama.

"Upande gani?"

Wimbi lilikuwa limeshapita.